Nani Alisema Mtoto Alale Peke Yake?

Ukipita Keko, Dar es Salaam, pale mafundi seremala wanapopanga samani zao kando ya barabara, utakiona katikati ya makochi na makabati: kitanda kidogo chenye fito pande zote, kingine kimepakwa rangi nyeupe, kingine kimeachwa na rangi yake ya mbao. Nairobi utakikuta kwa mafundi wa Ngong Road. Siku hizi mama mjamzito wa mjini anakiandika kwenye orodha ya mahitaji pamoja na beseni, kanga na nepi.

Kukinunua ni kazi ndogo. Kazi ni kumshawishi mwenyewe akilalie. Mtoto amenyonya, amesinzia kifuani, unamshusha taratibu kama mtu anayeweka yai, na mgongo ukigusa tu godoro, macho hayo! Kilio. Bibi yake kule sebuleni anauliza mnamtesea nini mjukuu wake. Rafiki wa kazini anasema mwache alie siku tatu tu, atazoea. Mzazi aliye katikati anajiona mkosaji kwa kila mtu. Akimchukua kitandani kwake, eti anamdekeza. Akimwacha, eti hana huruma.

Hivi ushauri huu ulitoka wapi? Nimeufuatilia kwa kurudi nyuma, na ninachokiona ni kwamba ndani ya kitanda kile zimelazwa historia mbili. Moja ni historia ya kifo, yaani hofu ya kumkuta mtoto asubuhi hapumui. Nyingine ni historia ya tabia, yaani imani kwamba mtoto anayebembelezwa usiku atakuwa mtu mzima dhaifu. Kwa zaidi ya miaka mia moja wataalamu wamezisema hizi mbili kwa sauti moja, kama vile ni kitu kimoja. Mchanganyiko huo umewanyima wazazi usingizi, na kuna kipindi ushauri uliotolewa kwa sauti hiyohiyo ya uhakika uligharimu maisha ya watoto.

Hofu ya kulaliwa

Tuanze na kifo. Ulaya, kwa karne nyingi, Kanisa lilikuwa na neno juu ya mahali pa kumlaza mtoto. Mapadri waliwaonya wanawake wasilale kitanda kimoja na kichanga, kwa sababu watoto walikutwa asubuhi wamekufa na ikasemwa mama au yaya kamlalia. Na si kila kifo kilikuwa ajali. Kwenye nyumba zenye njaa, kusema "nimemlalia" kulikuwa pia njia ya kuficha mtoto aliyeuawa kwa sababu hakuna cha kumlisha, na mapadri walilijua hilo.

Watu wa Florence, Italia, wakabuni kifaa walichokiita arcuccio. Ni fremu ya mbao yenye matao, anawekwa mtoto ndani yake, kisha fremu nzima inakaa kitandani kwa mama au kwa yaya. Mtu mzima akigeuka usingizini, uzito wake unaangukia mbao, si mtoto. Pembeni mbao imekatwa ili titi lifike. Mwaka 1732 jarida la Royal Society ya London lilichapisha maelezo na mchoro wake, na likaeleza kwamba yaya wa Florence aliyemlaza mtoto bila kifaa hicho alikuwa hatarini kutengwa na Kanisa.

Hapo kuna jambo la kulishika. Wale watu walikuwa na hatari ya kweli mbele yao, na wakaitatua mtoto akiwa bado palepale, mkono mmoja kutoka kwa mama. Kumpeleka chumba kingine halikuwa wazo lao. Hata susu la Ulaya, lile la kubembea, lilikaa karibu na moto au karibu na kitanda cha wakubwa. Mama alilisukuma kwa mguu huku mikono ikisokota nyuzi. Lenyewe neno crib, ambalo Wamarekani wanalitumia kwa kitanda cha mtoto chenye fito, mwanzoni lilimaanisha hori ya kulishia ng'ombe.

Sisi lugha yetu imehifadhi jambo hilohilo kwa namna yake. Bembea, bembeza, bembeleza: maneno haya ni ndugu. Kumbembeleza mtoto alale na kumbembeleza mtu akubali neno ni kitenzi kimoja, na ndani yake bado unasikia kitu kinachoyumba huku na huku. Kwa mwenye lugha hii, usingizi wa mtoto ni kitu anachopewa na mtu mwingine. Wazo kwamba mtoto wa miezi mitatu ajitafutie usingizi wake mwenyewe lingehitaji maelezo marefu. Maelezo hayo yalikuja mwaka 1894.

Daktari wa New York

Mwaka huo Luther Emmett Holt, daktari wa Babies Hospital, New York, alichapisha kitabu chembamba cha maswali na majibu kiitwacho The Care and Feeding of Children. Kilianza kama mafunzo ya yaya waliokuwa wakisomeshwa hospitalini hapo. Muda si mrefu kikawa mezani kwa akina mama wa tabaka la kati nchi nzima, na kikaendelea kuchapishwa upya kwa miongo.

Usimdharau Holt. Miji ya Marekani ya wakati ule iliwaua watoto kwa wingi, hasa majira ya joto, kwa kuhara kulikotokana na maziwa machafu. Madaktari wa kizazi chake walipigania maziwa safi, na maziwa safi yakaokoa watoto kweli. Ndiyo maana waliaminiwa. Mama aliyeona mtoto wa jirani akipona kwa kufuata maelekezo ya daktari juu ya chupa hakuwa na sababu ya kumbishia daktari yuleyule alipohamia kwenye kilio.

Na kwenye kilio Holt alikuwa na maneno mazito. Mtoto mdogo kulia dakika 15 hadi 30 kwa siku si kitu kibaya, alisema, hayo ni mazoezi yake. Anayelia kwa hasira au kwa mazoea aachwe alie mpaka amalize. Itachukua saa moja, pengine mbili au tatu. Mara ya pili itakuwa dakika chache, na mara ya tatu ni nadra kuhitajika. Kumbembea? Hakuna haja kabisa, ni mazoea yasiyo na faida na mara nyingine yana madhara.

Jibu lake moja linastahili kusomwa polepole. Swali lilikuwa: je, mtoto alale kitanda kimoja na mama yake? Holt akajibu hapana, kama kuna namna yoyote ya kuliepuka. Sababu ya kwanza ni kwamba watoto wachanga wameshawahi kukosa hewa kwa kulaliwa. Ya pili ni kwamba mama atashawishika kunyonyesha mara kwa mara usiku, jambo alilodai linawadhuru wote wawili. Halafu akaongeza juu ya watoto wakubwa kidogo: nao wawe na vitanda vyao, maana wakilala pamoja wanaambukizana magonjwa na tabia mbaya.

Umeona? Kifo, titi la usiku, maradhi na tabia mbaya, vyote kwenye pumzi moja. La kwanza lina ushahidi. La pili lilikuwa maoni ya wakati. La tatu lina nusu ya ukweli. La nne ni mahubiri. Lakini msomaji aliyetoka kuambiwa kwamba mtoto anaweza kufa hana nafasi ya kuchambua. Anakubali yote.

Kilichosaidia ni nyumba yenyewe. Tabaka la kati la mijini lilikuwa na vyumba zaidi na watoto wachache kuliko babu zao. Elimu ya vijidudu, hasa baada ya Robert Koch kukitambua kile cha kifua kikuu mwaka 1882, iliwafanya watu waogope pumzi ya mwenzao. Vitanda vya chuma, rahisi kusafisha, vilitoka wodini vikaingia majumbani. Kuanzia miaka ya 1890 susu likaanza kuondoka kwenye nyumba za Marekani na nafasi yake ikachukuliwa na kitanda kisichoyumba, chenye fito ndefu, ambacho mtoto anaweza kuachwa ndani na mlango ukafungwa. Kwa maoni yangu, kilichotokea ni kwamba ratiba ya wodi, ambako yaya mmoja ana watoto wengi, iligeuzwa ratiba ya nyumba yenye mama mmoja na mtoto mmoja.

Saa ya ukutani

Wengine wakafuata. New Zealand, mwaka 1907, daktari Truby King, ambaye pia alikuwa msimamizi wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Seacliff, alianzisha chama kilichokuja kujulikana kama Plunket Society. Mafundisho yake: mtoto anyonye kila baada ya saa 4 kwa saa ya ukutani, usiku asinyonye, na asichezewechezewe. Mafundisho hayo yakavuka bahari hadi Uingereza. Marekani, serikali yenyewe ikachapisha kijitabu cha Infant Care mwaka 1914, kilichoandikwa na Mary Mills West, nacho kikawafikia akina mama ambao wasingeweza kumlipa daktari. Mtindo ulikuwa uleule: ratiba kwanza.

Halafu akaja John B. Watson. Huyu hakuwa daktari wa watoto. Alikuwa mwanasaikolojia wa Johns Hopkins, Baltimore, hadi mwaka 1920 alipolazimika kuondoka kwa sababu ya uhusiano wa kimapenzi na mwanafunzi wake Rosalie Rayner, akaenda kufanya kazi ya matangazo ya biashara. Mwaka 1928, akisaidiwa na Rosalie ambaye sasa alikuwa mke wake, alitoa Psychological Care of Infant and Child. Humo aliwaambia wazazi wasiwakumbatie watoto wala kuwabusu. Kama ni lazima sana, basi busu moja la kwenye paji la uso wakati wa kulala. Asubuhi wapeane mikono.

Wapeane mikono! Mtoto na mama yake, kama wajumbe wa kikao.

Ushahidi wake ulikuwa nini? Jaribio lake maarufu lilimhusu mtoto mmoja tu, anayejulikana kwa jina la Albert, aliyefundishwa kumwogopa panya mweupe kwa kugongewa chuma nyuma ya kichwa. Ukitoka hapo kwenda kwenye kanuni za kulea watoto wote duniani, safari ni ndefu na daraja hakuna. Watson mwenyewe aliandika mwaka 1936 kwamba anakisikitikia kitabu kile, kwa kuwa hakujua vya kutosha kuandika alichotaka kuandika. Lakini kitabu kilikuwa kimeshasomwa, na watoto wa 1928 walikuwa wameshaanza shule.

Kumweka mtoto mbali kulizaa hofu mpya. Usiku wa Machi 1, 1932, huko New Jersey, mtoto wa rubani maarufu Charles Lindbergh, mwenye miezi 20, aliibwa kutoka kitandani mwake, chumba cha ghorofani, watu wazima wakiwa humohumo ndani ya nyumba. Baadaye alikutwa amekufa. Marekani nzima ikatetemeka. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1930 kampuni ya Zenith ikaingiza sokoni Radio Nurse, chombo cha kusikilizia chumba cha mtoto, kilichochorwa na mchongaji Isamu Noguchi. Hicho ndicho babu wa vile vidude vyenye kamera ambavyo leo vinauzwa hadi kwetu. Kwanza mtoto aliondolewa pembeni ya sikio, kisha sikio likauzwa dukani.

Kifudifudi

Sasa tufike kwenye sehemu inayouma. Mwaka 1946 daktari Benjamin Spock alitoa kitabu cha malezi kilichokuja kuuza nakala zaidi ya milioni 50. Spock alikuwa mpole. Aliwaambia wazazi wajiamini, wanajua zaidi ya wanavyodhani. Watu wakapumua. Lakini juu ya usingizi hata yeye hakuenda mbali na wenzake: aliwataka wazazi wamtoe mtoto chumbani kwao akiwa bado mdogo, na wawe imara akilia.

Kisha, katika toleo la miaka ya 1950, akapendekeza mtoto alazwe kifudifudi. Hoja ilikuwa na sura ya busara: akilala chali akatapika, atapaliwa. Madaktari wengi wa nchi tajiri walikuwa wakisema hivyohivyo, na wodi za watoto njiti zilifanya hivyo. Wazazi wakatii.

Watoto wakafa. Walikufa usingizini, bila ugonjwa, kwenye vitanda vyao safi, kwa idadi iliyopanda mwaka hadi mwaka, na wazazi walioutii ushauri wakajilaumu au wakatazamwa vibaya na polisi. Uholanzi ilibadilisha ushauri mwaka 1987. Watafiti wa Bristol, Uingereza, wakiongozwa na Peter Fleming, walionyesha mwaka 1990 jinsi hatari ya kulala kifudifudi ilivyokuwa kubwa. Mwaka 1991 mtangazaji wa televisheni Anne Diamond alifiwa na mwanawe Sebastian kwa namna hiyo, akaibana serikali mpaka kampeni ya kitaifa ikaanza mwaka uleule. Marekani ilifuata: chama cha madaktari wa watoto kilitoa tamko mwaka 1992, kampeni ikaja 1994. Vifo vya ghafla vya usingizini vilishuka kwa zaidi ya nusu. Hakuna chanjo wala dawa iliyotumika. Ni kumgeuza mtoto tu, alale chali.

Mwaka 2005 watafiti waliopitia upya takwimu za zamani walikadiria kwamba ushahidi ulikuwa umetosha tangu mwaka 1970. Kama mtu angeukusanya wakati huo, watoto zaidi ya 10,000 wa Uingereza, na wasiopungua 50,000 wa Ulaya, Marekani, Australia na New Zealand, huenda wasingekufa.

Mimi namba hiyo inanifanya nitake kumuuliza kila mtaalamu swali moja kabla ya kumsikiliza: hili unalolisema umelipima, au umelirithi? Spock hakuwa mtu mbaya. Alirudia kilichosemwa na wenzake kwa sauti ileile ya uhakika ambayo Holt aliitumia juu ya kubembea. Mzazi anayesikiliza hana namna ya kutofautisha sauti mbili zinazofanana.

Kutoka Kampala hadi Baltimore

Wakati Spock akiuza vitabu vyake, mwanasaikolojia Mary Ainsworth alihamia Uganda. Ilikuwa 1954, mume wake amepata kazi katika taasisi ya utafiti wa jamii huko Kampala. Kwa miezi kadhaa alitembelea kaya 26 za Waganda katika vijiji vya karibu na mji, akiongozana na mkalimani, akakaa sebuleni na akina mama, akatazama watoto 28 wakinyonya, wakilia, wakimfuata mama. Hakuwa na maabara. Alikuwa na daftari na subira. Kitabu chake, Infancy in Uganda, kilitoka mwaka 1967.

Alichokiona kilimgeuza. Watoto waliokuwa watulivu zaidi walikuwa na mama aliyezisoma dalili za mwanawe na kuzijibu. Mtoto aliyekuwa na uhakika na mama alithubutu kutambaa mbali naye, akichunguza mazingira, kisha anarudi. Watson alitabiri kinyume: ukimjibu, utamfanya king'ang'anizi.

Ainsworth akarudia uchunguzi wake Baltimore, akiwa Johns Hopkins, chuo kilekile alichofukuzwa Watson. Mwaka 1972, yeye na Silvia Bell walichapisha matokeo: watoto waliojibiwa haraka walipolia katika miezi ya mwanzo walilia kidogo zaidi mwaka ulipokuwa unaelekea mwisho. Wapo waliozipinga hesabu zao, na mjadala uliendelea. Ila wazo kwamba kumjibu mtoto ni kumharibu halikuwahi tena kusimama bila kupingwa. Mama wa kijiji cha Buganda hakumsoma Ainsworth. Ainsworth ndiye aliyemsoma yeye.

Kenya nayo ina ukurasa wake. Miaka ya 1970 Charles Super na Sara Harkness waliishi Kokwet, kijiji cha Wakipsigis, wakalinganisha usingizi wa watoto wa huko na wa Marekani. Mtoto wa Marekani akifika miezi minne anaweza kulala masaa kama 8 mfululizo, na wazazi wanashangilia. Wa Kokwet, umri huohuo, alilala kwa mkupuo kama masaa manne na nusu, akaamka, akanyonya, akalala tena. Mama yake alikuwa ubavuni na hakuliona hilo kama tatizo. Mchana mtoto yuko mgongoni, anasinzia anapotaka, na kesho hakuna basi la saa kumi na mbili. Watoto wote wawili walikuwa wazima. Kilichotofautiana ni siku ya watu wazima waliowazunguka.

Robert LeVine na wenzake, waliofanya utafiti kwa Wagusii, waliwaonyesha akina mama wa huko video za mama wa Kimarekani na watoto wao. Wagusii walishtuka. Kilichowashtua ni jinsi yule mama alivyochelewa kumwendea mtoto anayelia.

Siku 84

Ningeweza kuishia hapo, nikasema Wazungu walipotea na bibi zetu walikuwa sahihi, watu wakapiga makofi. Isingekuwa kweli, na isingemsaidia mtu yeyote Kimara wala Umoja.

Sheria ya kazi ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84. Ya Kenya ya 2007 inatoa miezi mitatu. Mtoto akifikisha wiki 12 mama anarudi kazini, na dada wa kazi aliye nyumbani ana pia kufua, kupika na kumpeleka mkubwa shule. Wa Kokwet aliweza kuamka mara nne usiku kwa sababu mchana alikuwa na wasaidizi na hakuna mtu aliyekuwa anamsubiri dirishani na kitabu cha mahudhurio. Mama wa mjini anapotaka mtoto alale masaa 8, anabeba amri ya mwajiri wake. Kumwambia "lea kama bibi" bila kumpa siku ya bibi ni kumwongezea mzigo.

Kwa hiyo njia za kumfundisha mtoto kulala kwenye kitanda chake zina nafasi, na zimepimwa kuliko watu wanavyodhani. Maarufu zaidi ni ya Richard Ferber, daktari wa hospitali ya watoto ya Boston, aliyoieleza mwaka 1985: mlaze akiwa bado macho, toka, akilia rudi baada ya dakika chache, mtulize kwa sauti, toka tena, na kila mara ongeza dakika. Ferber naye aliandika humo kwamba kulala peke yake kunamfundisha mtoto kujitegemea. Baadaye alikiri kwamba anaijutia sentensi hiyo, na toleo la 2006 likalegeza msimamo. Njia ikabaki, mahubiri yakaondolewa.

Melbourne, Australia, watafiti waliwachukua watoto 326 waliokuwa na shida ya usingizi wakiwa na miezi 7, wazazi wa kundi moja wakafundishwa njia za taratibu za namna hiyo, wa kundi la pili wakaendelea na huduma ya kawaida. Watoto walipofika miaka 6 walichunguzwa tena, na matokeo yakachapishwa mwaka 2012. Tofauti haikuonekana, si kwa hisia zao, si kwa tabia, si kwa ukaribu na wazazi. Waliofundishwa hawakuharibika. Ambao hawakufundishwa hawakuharibika pia. Hapo bibi na rafiki wa kazini wanaweza kunywa chai pamoja.

Inabaki ile historia ya kwanza, ya kifo, na hiyo haina mjadala wa ladha. Mtoto alale chali, kila mara. Godoro liwe gumu na bapa, lijae fremu bila kuacha upenyo. Mito, mablanketi mazito na ile mito laini ya kuzungushia fito vyote vitoke, hata kama vinapendeza kwenye picha. Nafasi kati ya ufito na ufito isizidi sentimita 6, kiasi ambacho Marekani ilikiweka kisheria tangu miaka ya 1970 baada ya watoto kupitisha miili na kunasa vichwa. Hili mwambie fundi wako wa Keko kabla hajakata mbao. Upande wa kushushwa usiwepo: Marekani iliupiga marufuku mwaka 2011 kwa sababu ulikuwa ukichomoka na kuwabana watoto. Kama nyumbani kuna mbu, kitanda kiwe na chandarua chake, kisichomgusa mtoto. Na usilale na kichanga kwenye kochi hata siku moja, maana hapo ni hatari kuliko kitandani. Mvuta sigara na aliyekunywa pombe wasilale naye kitanda kimoja.

Mengine yote, kumnyonyesha mpaka asinzie, kumbembea, kumwimbia, kumwacha anung'unike dakika tano, ni mambo ya nyumba yako na ya saa yako ya kuamka. Anayekwambia kuwa hayo yataamua tabia ya mwanao ukubwani anahubiri.

Na kuhusu chumba, ushauri wa madaktari wa watoto wa Marekani wa mwaka 2022, nchi ya Holt na Watson, unasema mtoto alale kwenye kitanda chake, lakini ndani ya chumba cha wazazi, angalau miezi 6 ya kwanza. Yaani afike umbali wa mkono. Watu wa Florence walikuwa wameshafika hapo mwaka 1732, kwa vipande vichache vya mbao na tundu la kupitishia titi.